AI tunaiamini pasipostahili, panapostahili tunaikataa

Ile hoja ya "mashine haina utu, maamuzi yabaki kwa binadamu" naielewa na sina ugomvi nayo sana, ila wanaoisema hawaulizi swali moja: huyo binadamu mwenyewe anapatia mara ngapi? Kosa la kompyuta linaandikwa na kusambazwa. La daktari aliyekesha, au la meneja anayeajiri kwa "huyu nimempenda tu", nani analihesabu?

Sasa wapo waliohesabu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Meehl, alikusanya tafiti zilizoshindanisha utabiri wa wataalamu na fomula za kawaida kabisa, mambo kama nani atafaulu masomo au mfungwa yupi atarudia kosa, na fomula mara nyingi ilitoka sare na mtaalamu au ikampita. Mwaka 2000 mtafiti Grove na wenzake wakakusanya tafiti 136 za namna hiyo: karibu nusu fomula imeshinda, karibu nusu nyingine ngoma droo, wataalamu wameshinda 8. Nane! Na hapo hatuongelei AI za leo, nyingi ni hesabu za kujumlisha tu ambazo hata kwa kalamu unazifanya, halafu wakati mwingine mtaalamu amemhoji mtu ana kwa ana, kapata mengi ambayo fomula haikupewa, na bado kapigwa. Hamna uchawi hapo, fomula ukiipa faili lile lile asubuhi na jioni jibu ni lile lile, mtu hakupi, yeye ana usingizi, ana faili alilotoka kulisoma muda si mrefu, na sura ya mwombaji imemkumbusha shemeji yake.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Mwaka 2019 ilichapishwa kwamba mfumo wa kompyuta wa kuchagua wagonjwa wa kuongezewa huduma huko Marekani ulikuwa unapima ugonjwa kwa gharama za matibabu, na kwa kuwa matibabu ya Weusi yalitumia hela kidogo, wakaonekana wazima kuliko walivyo. Hesabu ilikuwa safi, swali ndo bovu. Na Septemba 1983 kompyuta za Wasovieti zilimwambia afisa wao wa zamu, Stanislav Petrov, kwamba makombora 5 yanakuja kutoka Marekani, akajiuliza nani anaanzisha vita ya nyuklia kwa makombora matano, akaripoti kuwa ni hitilafu. Alipatia. Tukio la namna ile halina rekodi ya kujifunzia, hapo mtu lazima awepo.

Ila kwa jambo linalojirudia, ambalo jibu lake hujulikana baadaye na kuna anayepima, mimi naanza na mashine. Sisi tunafanya kinyume: mwaka 2023 mawakili New York waliiamini ChatGPT, wakanukuu mahakamani kesi ilizozitunga zisizokuwepo, wakala faini ya dola 5,000, wakati kwenye majaribio ya Dietvorst na wenzake ya 2015 watu waliona fomula ikimshinda binadamu, ila kwa kuwa waliishuhudia pia ikikosea, wengi wakaikimbia, na hapo kulikuwa na hela ya kushinda!

Meehl mwenyewe aliacha mlango: fomula ikisema jamaa ataenda sinema na wewe unajua kavunjika mguu, achana na fomula. Tabu ni mtaalamu anayeona mguu umevunjika kwenye kila faili. Huyo aruhusiwe kupinga, ila aandike sababu kabla matokeo hayajatoka, halafu mwisho wa mwaka zihesabiwe ngapi zilikuwa kweli.