Bibi harusi kafundwa, bwana harusi je?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya ukumbi mmoja kule Tabata, namsubiri mke wangu atoke kwenye kicheni pati. Wanaume haturuhusiwi kuingia, hilo linajulikana. Lakini spika za ukumbini hazibagui, kwa hiyo mimi, vijana wa bodaboda na muuza mishikaki tulifundwa pamoja na mwali bila kutoa hata shilingi ya mchango.

Somo alikuwa na sauti ya kazi yake. "Mume ni mtoto, mwanangu. Akirudi usiku wa manane usimuulize katoka wapi, muulize kama kala. Akinuna, msome uso, ujue kinachomsumbua kabla hajafungua mdomo. Akiwaka, wewe kuwa maji." Vigelegele ukumbi mzima. Kijana mmoja wa boda akapiga honi kwa furaha: "Huyu mama apewe uwaziri!"

Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima sasa, na mke wangu kachoka kunisikiliza, kwa hiyo zamu yenu.

Sina ugomvi na somo. Kaitwa, kalipwa, kafanya kazi. Na mengine aliyoyasema siku ile, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu naye anasoma, yalikuwa ya maana kabisa. Ugomvi wangu ni huu: wakati mwali anaambiwa asome uso wa mtu, mwenye uso alikuwa wapi? Alikuwa baa na wanakamati, anahesabu ahadi za michango ambazo hazijalipwa.

Juzi nikamuuliza. Bwana mdogo, mwenzio kafundwa siku nzima, wewe nani kakufunda? Akacheka kwanza. Halafu akasema, "Wazee wa kijiweni wameniambia kitu kimoja tu, bro. Usimzoeshe." Usimzoeshe kumuaga unapotoka. Usimzoeshe kujua mshahara. Usimzoeshe kukaa nyumbani Jumapili, atadhani ni haki yake. Basi, kahitimu. Elimu yote ya ndoa aliyopewa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye digrii, imeisha kabla bia ya pili haijafunguliwa. Halafu tarehe imepangwa, ukumbi umelipiwa, na huyu ndiye tunaambiwa kichwa cha nyumba.

Zamani haikuwa hivi. Huku Pwani kwa Wazaramo, na kusini kwa Wamakonde na Wayao, kijana alikuwa na jando lake. Ngariba alifanya kazi yake kwa dakika chache, lakini vijana walibaki kambini muda mrefu na watu wazima waliowaimbia, wakawafundisha, wakawauliza mafumbo. Sitaki kulipamba jando. Kulikuwa na vipigo, kisu kimoja kilipita kwa watoto wengi, na nyimbo nyingine zilimdharau mwanamke waziwazi. Hospitali imetusaidia, asante sana. Ila tulipohamishia tohara hospitali tulihamisha kisu peke yake, mafundisho tukayaacha porini. Leo mtoto wa kiume anatahiriwa hajaanza hata kutambaa, anapewa dawa ya maumivu, tumemaliza naye hadi siku ya posa. Unyago wenyewe ulijua kuhama: umeingia mjini, umevaa sare ya kitenge, una mpambaji, una emsii, una keki. Jando likafa na hatukuliwekea hata matanga.

Matokeo yake naona zaidi kwenye pesa, na hapa mnivumilie kidogo.

Nyumba ngapi mnazijua ambazo mke hajui mume analipwa kiasi gani? Msijibu. Mwanaume anaacha elfu kumi juu ya meza, anaondoka. Humo mna mboga, mkaa, nauli ya mtoto, vocha ya umeme na heshima yake yeye mwenye nyumba. Mke anatakiwa akadirie: hii elfu kumi ni kwa sababu hana, au kwa sababu hataki, au kwa sababu nyingine imekwenda kwenye nyumba ndogo? Hawezi kuuliza, kafundwa asiulize. Mume hawezi kusema, kafundwa asimzoeshe. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, na mawasiliano yao yote ya uchumi yanapitia noti iliyowekewa glasi juu isipeperuke.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe inadhani wanandoa wanaongea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume wajibu wa kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kiwango kinacholingana na uwezo wake. Uwezo wake. Sasa mwanamke anayejua uwezo wa mumewe kwa kuangalia unene wa bahasha atadai vipi kilicho chake? Kifungu hichohicho kinasema mke mwenye uwezo naye atamtunza mumewe asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au majeraha. Hiyo nusu wanaume hatuisomi, kwa sababu kuisoma ni kukubali kwamba iko siku tutaumwa.

Nina rafiki, simtaji, alipunguzwa kazini. Hakumwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi na mkewe huyohuyo, anapanda daladala mpaka Posta, anakaa bustani ya Mnazi Mmoja na magazeti, jioni anarudi na wale wenye kazi. Miezi ilipita hivyo, anaishi kwa kukopa. Mkewe naye akaona elfu kumi imekuwa saba, saba imekuwa tano, akamsoma uso kama alivyofundwa, uso ukamwambia mume ana mwanamke mwingine. Hakuuliza. Akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili watoto wasirudishwe shule, na yeye naye hakusema. Waliokuja kubeba televisheni na sofa ndio waliowatambulisha wanandoa hawa. Wakati huo mume anadaiwa kule, mke anadaiwa huku, kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzie asijue. Na walikuwa wanapendana! Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Wangekuwa wanachukiana ningeelewa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeligeuza: mficha uchi ndiye mwanaume.

Halafu yuko marehemu mjomba wangu, alikuwa fundi seremala Tanga. Mwisho wa mwezi alimwaga pesa zote mkekani, za mbao, za madeni, za kazi ambazo hazijalipwa, akamwita shangazi, wakahesabu pamoja. Nikiwa mtoto nilidhani ni mchezo. Shangazi alikuwa anamjibu: "Huyu mteja wa makabati usimkopeshe tena, mkewe aliniambia wanahama." Hasara ngapi waliepuka pale mkekani, sijui, lakini nyumba waliijenga. Majirani walisemaje? Kalishwa limbwata. Mwanaume akimwonyesha mkewe pesa, limbwata. Akifua nguo, limbwata. Akibeba mtoto kwenda kliniki, limbwata tena, tena la bara. Kwa hesabu hizo uganga ndio unaotuletea waume bora nchi hii, na sielewi kwa nini unapigwa vita.

Najua hoja zinazokuja. Makanisani kuna mafundisho ya ndoa na wote wawili wanahudhuria. Haya, ni kweli, na waliohudhuria kwa moyo wanafaidika. Lakini nimeona pia mabwana harusi wanaokwenda kwa ajili ya cheti, simu mkononi chini ya benchi. Na shehe siku ya nikahi humpa bwana harusi nasaha nzuri sana, dakika chache, mbele ya watu ambao pua zao zimeshafika kwenye pilau.

Hoja ya pili, kwamba wapo wanawake ambao ukiwaonyesha mshahara tarehe 25, tarehe 26 ukoo wao wote una ada ya shule. Wapo. Sitabisha, nimekaa nao meza moja. Lakini wapo pia wanaume ambao mshahara wao una ukoo mzima upande wao na hakuna anayeuita tatizo. Mama yangu ni mama yangu, mama yako ni mzigo. Mazungumzo hayo nayo yalitakiwa kufanyika kabla ya mahari, na mshenga hawezi kuyafanya kwa niaba yenu.

Kuhusu kazi za jikoni sitasema mengi, maana nikianza hatutamaliza. Niseme tu kwamba Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila mgawo, kwa mambo ya kesi yake, lakini msingi alioutia unawalinda wanawake wengine hadi leo. Miaka zaidi ya arobaini baadaye bado kuna mtu atakwambia mkewe "hafanyi kazi, yuko tu nyumbani". Na kwa wale wa "kumrekebisha" mke kwa mkono, kifungu cha 66 cha sheria ileile kinasema hakuna mwenye haki hiyo, mila iseme inavyotaka. Nimemaliza.

Mnajua wanandoa wengi wanaongea kwa mara ya kwanza wapi? Kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa kawaida huwezi kupeleka talaka mahakamani hadi upite pale, na jamaa mmoja aliyewahi kukaa kwenye mabaraza hayo aliniambia kwamba mara nyingi mume husikia mambo pale akabaki mdomo wazi: "Kumbe hili lilikuwa linakuuma?" Miaka kumi na mbili ya ndoa, watoto watatu, halafu "kumbe" inatokea mbele ya wazee watano na karani.

Sasa mimi ni mjumbe wa kamati ya harusi ya binamu yangu, Desemba. Kwenye kikao kilichopita nilitoa pendekezo: bwana harusi apate siku yake, nusu siku tu, na wanaume wanne waliodumu kwenye ndoa, wawili waliowahi kuachika, na fundi wa mahesabu. Wamwambie namna ya kumwambia mtu "leo sina hela" bila kupiga mlango. Namna ya kusema "naogopa". Akae pia na somo saa moja, asikie mwenzie kaambiwa nini juu yake. Mweka hazina akasema bajeti haina fungu hilo. Nikaomba kuiona bajeti. Fungu la vinywaji linatosha kumsomesha bwana harusi ndoa hadi ngazi ya uzamili, na mapambo ya meza kuu yana karatasi yake peke yake. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Shangazi zake bibi harusi waliinua mikono wote. Wanaume walikuwa wanaangalia simu, isipokuwa bwana harusi mwenyewe, ambaye aliinua mkono nusu, akaona wenzie, akajikuna kichwa.