Jembe la EK na karakana ya amali

Siku ya EK shuleni kwetu ilikuwa Ijumaa. Tulifika na majembe mabegani, wengine na madumu ya maji, na aliyesahau jembe alijua kinachomsubiri: kuchimba shimo la taka nyuma ya vyoo mpaka jua liwe la utosi. Tulilima maharage. Tulipalilia, tukavuna, tukapura kwa fimbo uwanjani, magunia yakabebwa kwenda stoo ya mwalimu mkuu. Yaliuzwa shilingi ngapi, hatukuambiwa. Wala hakuna aliyetufundisha mche na mche ukae umbali gani, au kwa nini maharage ya upande wa bondeni yaligeuka manjano kila mwaka. Muda huohuo mwalimu wa kilimo alikuwa darasani akiwachorea darasa la saba aina za udongo ubaoni. Udongo wenyewe sisi tulikuwa nao kwenye kucha.

EK ni kifupi cha Elimu ya Kujitegemea, na wengi wa rika langu tukiisikia tunakumbuka jembe tu. Waraka ulioianzisha haukuanza na jembe. Mwalimu Nyerere aliutoa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na nchi ilikuwa bado na kumbukumbu ya Oktoba 1966, pale wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kukataa kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Nyerere akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, wa kwake ukiwemo. Alichokiona pale ni wasomi waliojitenga na waliowasomesha. Hoja ya waraka ilisimama juu ya hesabu nyepesi: takriban asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, ilhali masomo yote yalipangwa kwa ajili ya hao wachache. Waliobaki walihesabiwa, na wakajihesabu, kuwa wameshindwa. Basi elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua mapato ya shamba yafanye nini.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichopotea njiani kabla ya kufika stoo ya mwalimu mkuu wetu.

Nayarudia haya kwa sababu tumeanza upya, kwa jina jingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. Shule za kwanza zilipokea wanafunzi wa amali Januari 2024. Mtoto anasoma masomo ya kawaida, na pembeni anajifunza fani: umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, kilimo, upishi. Akimaliza kidato cha nne awe na cheti cha darasani na ujuzi wa mkono.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Shule za kata zilienea kila mahali kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia 2016, na matokeo yake kila mwaka tunamwaga mtaani vijana wengi mno wenye vyeti visivyofungua mlango wowote. Kijana anaweza kukuchorea mzunguko wa damu na akashindwa kubadilisha soketi ukutani. Nchi inayojenga reli, inayoweka umeme vijijini, inayotaka viwanda, haiwezi kungoja wahandisi peke yao. Mhandisi mmoja anahitaji mafundi wengi chini yake, na hao ndio hatuna wa kutosha wenye mafunzo. Upande huu mimi siupingi.

Tena si kweli kwamba ufundi umekuwa wa waliofeli siku zote. Waulize wazee waliosoma Ifunda, Moshi Tech, Tanga Tech, Bwiru, Iyunga, Musoma au Mtwara zilipokuwa sekondari za ufundi zenye jina. Aliyechaguliwa huko kijiji kizima kilijua, na alichaguliwa kwa sababu hesabu zake zilikuwa juu. Baada yake kulikuwa na Dar Tech, chuo cha ufundi ambacho tangu 1997 ni DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na baada ya Dar Tech kulikuwa na shirika la umma lililongoja fundi mchundo wake. Heshima ya karakana ilitokana na kilichokuwa upande wa pili wa mlango.

Na hapo ndipo upande wa pili wa hoja unapoingia. Miaka ya 1960 mwanazuoni Philip Foster alichunguza Ghana akatoa hoja ambayo wapangaji wa elimu Afrika hawajaweza kuikwepa hadi leo. Wanafunzi, alisema, hawachagui ukarani kwa sababu mtaala umewalevya. Wanauchagua kwa sababu wanaona nani analipwa vizuri. Badilisha masomo unavyotaka. Kama mshahara, nyumba na heshima vinabaki ofisini, mtoto na mzazi wake watatafuta njia ya ofisini, na shule ya ufundi wataitumia kama daraja la kufikia hukohuko. Mzazi wa Singida au wa Kilosa hajasoma Foster, lakini hesabu hiyo anaijua. Ndiyo maana wazazi wengi waliuona mpango wa EK kama ujanja: watoto wa wakubwa wasome, wa kwetu walime.

Kuna hoja nyingine, ya ndani zaidi, kwamba kazi ya shule si kutengeneza wafanyakazi. Shule imfanye mtu aweze kusoma mkataba kabla ya kutia dole gumba, amuulize diwani fedha za kisima zimekwenda wapi, ajue dawa ya mtoto inapimwaje. Ushahidi wake tunao hapahapa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na kijitabu mkononi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Hakukuwa na karakana wala mtihani wa mwisho. Ilikuwa elimu ya jumla kabisa, na nadhani hatujafanya kitu kingine chenye faida ya namna hiyo kwa gharama ndogo vile. Wenye kudhani kwamba elimu isiyo na fani haizalishi waende wakahesabu vyoo.

Ila hata gereji haikuniachia jibu rahisi. Mwaka jana gari liligoma, likawa linatetemeka kama lina homa. Fundi, kijana wa kama miaka 22 aliyejifunza kwa kushika spana za kaka yake, alichomeka kile kimashine cha kusomea makosa kisha akanikabidhi simu. "Mzee, nisomee hapo wanasemaje." Kiingereza. Nikaanza kumtafsiria, silinda ya tatu haichomi vizuri, na kabla sijamaliza alikuwa ameshaing'oa koili. Alikuwa amejua kwa sikio. Nikajiona mjinga. Mstari wa pili ulihusu sensa ya hewa chafu kwenye bomba la moshi, na huo sikio lake halikuujua. Akakisia, tukanunua kifaa kisichohusika, pesa ikaenda. Kijana yule anauzidi ujuzi wa wengi wenye vyeti, na kilichomkwamisha siku ile hakikuwa spana. Kilikuwa kusoma.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya mkono na kitabu nakataa swali lenyewe. Kufundisha ufundi kwa watoto ambao hawajasoma vizuri ni kuwafungia kwenye magari ya mwaka 1998. Kuwafundisha umeme kwa Kiingereza wasichokielewa, na mtihani uje kwa Kiingereza hichohicho, ni kesi nyingine, na sitaimaliza leo.

Utunzaji wa mazingira nao umekuwa somo la ubaoni. Mtoto anakariri athari za kukata miti, kengele ya saa nne inalia, anakwenda kula uji uliopikwa kwa kuni alizoagizwa kuja nazo asubuhi. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na zipo zilizohamia gesi. Nyingine jiko la kuni bado linatoa moshi. Amali ingeweza kuanzia hapo: wanafunzi wa uchomeleaji waunde majiko banifu ya shule yao, wa kilimo wapande miti ya kuni na kuihesabu. Huo ungekuwa mtihani wa vitendo usiohitaji msimamizi kutoka mkoani.

Linalonitia wasiwasi ni fedha, kwa sababu karakana si ubao. Chumba cha historia unakianza kwa chaki. Cha uchomeleaji kinataka umeme, mashine, vyuma vya kuharibu, kwa sababu mwanafunzi lazima aharibu, na mwalimu ambaye kiwandani angelipwa zaidi ya tunachompa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, inategemea tozo ya ujuzi wanayolipa waajiri, na tozo hiyo ilipokuwa asilimia 6 ya mishahara, pointi 2 tu ndizo zilizokwenda VETA. Sehemu kubwa iliyobaki ikaelekea mikopo ya vyuo vikuu. Kufikia 2023 tozo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 3.5. Sisemi mwanafunzi wa chuo kikuu asikopeshwe. Nasema ukitaka kujua nchi inaheshimu nini, achana na hotuba, fuata pointi zilikokwenda. Jambo moja la VETA nalipenda sana, nalo ni kurasimisha ujuzi, yaani fundi wa mtaani anapimwa anachokijua, anaongezewa kilichopungua, anapewa cheti. Kijana wangu wa koili angefaidika kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo kuliko kujenga karakana mpya isiyo na mashine.

Maoni yangu ni kwamba EK haikuuawa na jembe. Iliuawa na jembe lisilo na somo, halafu na ukweli kwamba waliolishika hawakuwa watoto wa waliolihubiri. Amali inaweza kukwepa la kwanza kwa fedha. La pili bajeti haiwezi kulitibu, na sijaona bado kiongozi akijigamba kwamba mwanawe amepangiwa uchomeleaji.

Mwaka huu mpwa wangu alipangiwa shule ya amali, fani ya umeme. Mama yake akanipigia usiku, sauti ya chini. "Kaka, hii amali ndiyo nini? Mtoto amefeli?" Nikamwambia hajafeli, aende kwanza akaangalie karakana ina nini, tutaongea. Kesho yake jioni akanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia watu wakicheka barabarani: "Nimefika. Vyerehani viko vinne, viwili vinazunguka. Vya umeme wamesema vinakuja. Shamba lipo kaka, kubwa kweli. Jumatatu wameambiwa waje na majembe."