Masikio ndiyo yaliyotengeneza At Fillmore East

Mashabiki wengi wa roki ya Kusini mwa Marekani huisimulia At Fillmore East, albamu ya Allman Brothers Band iliyorekodiwa mbele ya watu, kama muujiza wa jukwaani: vijana sita walipanda, wakapiga, mitambo ikanasa, basi. Hadithi hiyo siikubali. Inawapunja wanamuziki wenyewe, na inampunja zaidi prodyuza wao, Tom Dowd. Albamu hii ilitengenezwa kwa jasho, na sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa kusikiliza.

Kufikia Machi 1971 bendi ilikuwa na albamu mbili za studio, ya 1969 na ya 1970, na hakuna iliyouza vizuri. Lakini jukwaani walikuwa moto. Whipping Post, ambayo studio iliibana kwenye dakika tano na kidogo, mbele ya watu ilivuka dakika 20. Wakaamua kurekodi palepale walipokuwa hodari: ukumbi wa Fillmore East wa promota Bill Graham mjini New York, Ijumaa na Jumamosi, tarehe 12 na 13, maonyesho mawili kila usiku, na gari lenye mitambo ya kurekodia nje.

Dowd ndiyo kwanza alikuwa ametua kutoka Ghana, alikokwenda kwa kazi ya tamasha la Soul to Soul mjini Accra. Huyu alishawarekodi Ray Charles na mpiga saksafoni wa jazi John Coltrane. Sikio lake halikuwa la kudanganywa. Akiwa ndani ya gari lile, ghafla akasikia saksafoni ambazo hakuna aliyemwambia kuwa zingekuwepo, tena haziendani na vyombo vingine. Mapumziko yalipofika akamfuata Duane Allman, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, na kumwambia wapulizaji waondoke. Duane akabisha, maana aliwapenda. Dowd hakulegea, na kwenye santuri iliyotoka hawasikiki. Mgeni mwingine wa bendi, Thom Doucette na kinanda chake cha mdomo, alibaki.

Halafu linakuja jambo ninalolihusudu kuliko yote. Usiku ule, watu wametoka jukwaani wamechoka, hawakwenda kulala. Walikwenda na Dowd studio za kampuni ya rekodi ya Atlantic wakasikiliza kanda: wimbo huu umekaa, tusiuguse tena, ule turudie kesho. Bendi inayosifika kwa kupiga bila mpango ilipanda jukwaani siku ya pili ikijua hasa inachotafuta.

Na walikuwa wameanza kusikiliza zamani. Jaimoe, mmoja wa wapiga dramu wawili, Mmarekani mweusi aliyewahi kupiga na mwimbaji wa soul Otis Redding, ndiye aliyewafungulia wenzake mlango wa jazi ya Coltrane na Miles Davis. Angalia pia nyimbo zenyewe: Statesboro Blues ni ya Blind Willie McTell, ya mwaka 1928, Stormy Monday ni ya T-Bone Walker. Inanichoma kila ninapoona roki ya Kusini ikifungiwa kwenye bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, kana kwamba ni urithi wa wazungu peke yao. Bendi iliyouwekea muziki huu msingi ilikuwa ya weusi na weupe, iliishi Macon, Georgia, miaka michache tu baada ya sheria za ubaguzi kufutwa, na ilijifunza kwa wazee weusi wa bluzi. Anayeipenda albamu hii hana budi kuwapenda na wazee hao.

Kama una dakika 13, sikiliza In Memory of Elizabeth Reed. Mtunzi wake, Dickey Betts, alilichukua jina hilo kwenye jiwe la kaburi katika makaburi ya Rose Hill, Macon. Anaanza kwa kukizungusha kitufe cha sauti cha gitaa taratibu, noti inachomoza bila kusikika mguso wa uzi, unadhani ni fidla. Kisha Duane anaingia, na magitaa mawili yanauimba wimbo mmoja, moja juu na jingine chini yake kidogo. Baadaye wanaachiana nafasi. Kila mmoja akipiga solo, mwenzake hamwingilii. Chini yao Berry Oakley analitembeza gitaa la besi kana kwamba nalo ni la solo, huku Butch Trucks akisukuma dramu na Jaimoe akizipamba.

Kazi haikuishia ukumbini. You Don't Love Me, dakika 19 zinazojaza upande mzima wa santuri, ni maonyesho mawili yaliyoungwa. Kwenye Stormy Monday, Dowd alikata solo ya Doucette. Wapo wanaouita ukataji huo udanganyifu. Mimi nasema ndiyo kazi ya prodyuza, na aliifanya kwa heshima: hakubadilisha walichopiga, alichagua.

Albamu ilitoka Julai 1971 na kupata cheti cha dhahabu cha mauzo Oktoba, mwezi uleule Duane alipofariki kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, tarehe 29, akiwa na miaka 24. Mwaka mmoja baadaye Oakley naye akafa kwa pikipiki, katika mji huohuo na umri uleule.

Mwaka 2014 ilitoka seti ya maonyesho yote ya siku zile mbili, saksafoni zikiwemo. Mwanamuziki kijana aitafute, akae na toleo moja moja la wimbo uleule, kisha arudi kwenye santuri ya 1971. Mimi nimefanya hivyo, na bado naona Dowd alichagua sawasawa, hata kwenye Stormy Monday.