Tundu la Hewa Lisilopitisha Hewa

Jumamosi nilikuwa gereji Ilala, nasubiri kubadilishiwa bushi za mbele. Pembeni yangu ilipaki Toyota IST nyekundu, na juu ya boneti imebandikwa bonge la tundu la hewa kama la Subaru. Nikaingiza kidole. Kikagota kwenye bati. Gundi, kisha bati, basi. Fundi akacheka: "Hilo la urembo tu kaka. Mwenyewe karidhika."

Pesa ni yake, sina ugomvi. Ila kwenye Subaru WRX ukifungua boneti utaikuta intakula, kifaa cha kupooza hewa inayoingia kwenye injini, imelala juu ya injini. Hewa ikishashindiliwa na tabo inachemka, kwa hiyo boneti ikatobolewa palepale ili upepo uingie kuipooza. Unaweza kusema tundu lile ni baya. Kulihamisha huwezi.

Gari la kasi linanivutia likiwa hivyo, kila kona ina sababu yake. Chukua Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963. Mchoraji wake, Ferdinand Alexander Porsche, aliwahi kupita kidogo katika chuo cha usanifu cha Ulm, walikofundisha kwamba sura ya kitu itokane na kazi yake. Boneti imeinama chini ya taa kwa sababu hakuna injini huko mbele. Injini iko nyuma kabisa, na paa linaifuata likiteremka taratibu. Mteremko mzuri, lakini ulikuwa na kasoro: gari likikolea mwendo, upepo unalinyanyua kwa nyuma. Mwaka 1972 ikaja 911 Carrera RS 2.7 na spoila, kijimkia kama cha bata juu ya mfuniko wa injini, cha kupunguza huko kunyanyuka. Leo watu wanakibandika hata kwenye gari lisilotoka mjini.

Usidhani basi kwamba gari lisilo na mapambo ndilo limefuata kazi. Audi TT ilipoingia sokoni mwaka 1998 ilisifiwa kama mtoto wa Bauhaus, chuo cha zamani cha usanifu cha Ujerumani kilichopenda maumbo yasiyo na mapambo: maduara, mistari michache, nyuma laini kama kokoto ya ufukweni. Naipenda mpaka leo. Ila baada ya ajali za mwendo mkali huko Ujerumani, kiwanda kiliyarudisha magari na kuyawekea spoila nyuma. Kumbe ule ulaini nao ulikuwa pambo, tena la hatari kuliko tundu la IST, maana lile la gundi halijamuangusha mtu.

Nikiwa bado namweleza fundi haya yote, akamaliza kukaza bolti, akajifuta mikono, akazunguka nyuma ya Altezza yangu. Akaigonga spoila kwa kifundo cha kidole.

"Na hii, kaka, kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, inafanya kazi gani?"