Kiti Kisicho na Msumari

Marehemu baba alikuwa seremala, na hakukalia kiti cha mtu kabla ya kukipindua. Alitazama chini, mahali ambapo fundi mvivu huficha gundi na misumari. Nilipofika Jumba la Makumbusho la Shanghai na kusimama mbele ya kiti cha kale, kilichotengenezwa China zama za watawala wa Ming, nilitamani sana kukipindua. Hairuhusiwi, basi nikachuchumaa.

Kiti chenyewe ni cha huanghuali, mti wa kisiwa cha Hainan wenye rangi ya asali. Mahali palipokuwa na vifundo, nyuzi za mbao huzunguka kama jicho, na Wachina huziita nyuso za mashetani. Mkono wa kiti ni mmoja, unaanzia kulia, unapita nyuma ya mgongo na kuishia kushoto, kama kwato ya farasi. Ungeapa kwamba ni ubao mmoja uliopindwa. Kumbe ni vipande vitatu, wakati mwingine vitano, kila kimoja kimechongwa na mpindo wake. Ncha zimekatwa zikumbatiane, na katikati ikapigwa kabari ndogo ya mbao. Hakuna msumari hata mmoja.

Hii haikuwa mbwembwe. Mbao huvimba kwenye unyevu na kusinyaa kwenye ukavu, na msumari haujui hilo. Ulimi wa mbao ulioingia vizuri kwenye tundu lake unajua. Hata ubao wa mlango wa kabati huachwa ucheze ndani ya mfuo wa fremu, ndiyo maana haupasuki baada ya miaka mia nne.

Miti hii migumu ilienea majumbani hasa baada ya mwaka 1567, utawala wa Ming ulipolegeza marufuku ya biashara ya baharini na magogo yakaanza kuingia kutoka kusini. Matajiri na wasomi wa miji kama Suzhou wakataka samani nyembamba, zisizo na nakshi nyingi, zinazoacha mti useme wenyewe. Baadaye, enzi za Qing, watawala waliofuata Ming, ikulu ilipenda zitan, mti mweusi mwekundu unaozama majini, uliojazwa madragoni toka juu hadi miguuni. Najua wengi wanazipenda hizo. Mimi naona nakshi nyingi humnyima fundi nafasi ya kuonyesha kwamba anajua kupima.

Mkusanyaji ninayemheshimu kuliko wote ni Wang Shixiang (1914–2009). Alizunguka Beijing kwa baiskeli akinunua viti na meza ambazo wenzake waliziona takataka. Samani kama hizo zilikuwa zikivunjwavunjwa mbao zake zitengenezewe vyombo vya muziki. Samani 79 alizokusanya zilifika Makumbusho ya Shanghai mwaka 1993. Alikubali bei ndogo kwa sharti moja: mnunuzi azikabidhi zote makumbusho, asibakishe hata moja nyumbani kwake. Huyo alikuwa akikusanya ili watu waone.

Siku hizi bei zimepaa. Mwaka 2015 huko New York, viti vinne vya huanghuali vya mkusanyaji Robert Hatfield Ellsworth viliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Sina kinyongo na bei hiyo, kwa kuwa kiti kikongwe hakikati mti mpya. Kinachoniuma ni homa iliyofuata. Aliyekosa kile cha kale anataka kipya kinachofanana nacho, kinene, kizito, kinachothaminiwa kwa kilo. Na huanghuali imebaki kidogo mno.

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Huanghuali ni ndugu wa mpingo wetu, na zitan ni ndugu wa mninga. China ilipoorodhesha rasmi miti 33 ya kutengenezea samani hizi mwaka 2000, mpingo ulikuwamo. Kisha malori yakaingia misitu ya Zambia na Katanga kufuata mukula, ambao Tanzania huitwa mkurungu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini uliuingiza mti huo kwenye orodha yake mwaka 2019, magogo mengi yakiwa yameshasafiri. Kumwita anayenunua samani hizo mpya mpenzi wa samani za Ming ni kumkosea Wang na mafundi wale wa Suzhou. Wao walifanya kazi kubwa kwa mbao chache.

Nirudi pale nilipochuchumaa. Chini mbele ya kiti kuna ubao mwembamba wa kuwekea miguu. Katikati yake umelika, umebonyea kama kizingiti cha nyumba ya zamani, na pembeni bado uko sawasawa kama fundi alivyouacha. Vizazi vya watu waliweka miguu papo hapo, na maungio yote bado yameshika. Baba angepatazama hapo kwanza, halafu ndipo angekubali kukaa.