Mkulima si benki ya mgahawa wako

Kabla sijafungua mgahawa wangu hapa Moshi nilikuwa kitengo cha manunuzi kwenye hoteli moja kubwa ya Arusha. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya watu wa mboga kuja kuulizia malipo yao. Walikuwa wanakaa kwenye benchi refu nje ya mlango wa uhasibu, wengine tangu saa mbili asubuhi, kila mmoja na karatasi zake za kupokelea mzigo amezikunja mfuko wa shati. Kati yao alikuwepo mzee wa Tengeru aliyetuletea kabichi na karoti. Alikuwa anatudai mzigo wa miezi mitatu. Siku moja alinisubiri nitoke, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, leo sijafuata deni. Naomba nauli tu ya kurudi nyumbani."

Nilimpa nauli. Deni lake lililipwa wiki tano baadaye, na msimu uliofuata hakutulimia tena. Kwenye menyu ya hoteli ile, ukurasa wa kwanza, tulikuwa tumeandika kwamba mboga zetu zinatoka kwa wakulima wa jirani. Maneno hayo yalikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku hizi kila mwenye mgahawa anazungumzia chakula cha shambani, mboga zisizo na sumu, kununua karibu na nyumbani. Nafurahi kuyasikia, kwa sababu miaka kumi iliyopita ungeonekana unapoteza muda. Ila mimi nikikaa na mwenzangu anayetaka kuanza ushirikiano na wakulima, namuuliza kitu kimoja kabla ya vingine vyote: utawalipa lini?

Fikiria mali kauli, yaani kuchukua mzigo leo na kulipa baadaye, inavyokwenda. Kibarua wa kupalilia analipwa jioni ileile. Bodaboda aliyeshusha mzigo analipwa papo hapo. Mwenye duka la pembejeo anataka fedha mkononi. Anayeambiwa asubiri ni mkulima, na anayemsubirisha ni mwenye hoteli ambaye mgeni wake alishalipa, pengine kabla hajapanda ndege kuja uwanja wa KIA. Mtu mwenye ekari moja anaikopesha biashara yenye vyumba themanini, bila riba wala dhamana. Halafu tunashangaa kwa nini ubora unashuka, kwa nini ametuletea zilizobaki baada ya mchuuzi kuchagua. Mchuuzi alikuja na hela.

Kwangu mimi suala hili linaanzia kwenye ndizi, maana mgahawa wangu unasimama kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtori ni ndizi aina ya mshare. Utasikia watu wakisema ndizi ni ndizi. Hapana. Mshare ukichemka na nyama ya mifupa unalegea wenyewe, mwiko unaupiga mara chache tu unakuwa laini kama uji mzito. Jaribu na ndizi nyingine uone unavyohangaika na mabonge.

Mshare huo unatoka kwenye vihamba, mashamba ya familia ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vya Uru, Kibosho, Old Moshi na Marangu. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Na unastahili: miringaringa juu ikitoa kivuli, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini kabisa, ng'ombe yuko bandani anakula majani ya migomba na samadi yake inarudi kwenye shina. Maji yanashuka kwa mfongo, mfereji waliouchimba mababu. Hakuna mtaalamu aliyetoka mbali kuja kuwafundisha hayo.

Lakini kihamba kinagawanywa kwa watoto wa kiume kizazi hadi kizazi, na kahawa ilipoporomoka bei wengi waliing'oa. Kilichobaki kuingiza hela ya wiki hadi wiki ni ndizi, parachichi na maziwa. Kijana akiona mama yake anauza mkungu getini kwa bei ya kukadiria, halafu hapohapo anaona vyumba viwili vya kupangisha vinaingiza hela kila mwezi, atachagua nini? Ndiyo maana nasema sisi wenye migahawa ya mjini tumo ndani ya hatima ya vihamba, tupende tusipende. Bei tunayotoa kwenye mlango wa stoo inaamua kama mgomba utabaki au tofali litapandishwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mikungu kama kila mtu, kwa macho. Unauzunguka, unaugonga, unataja bei, mnavutana. Kisha nikanunua mzani wa kuning'iniza, nikaufunga kwenye ndoano ya mlango wa stoo. Mama mmoja wa Shimbwe, ambaye bado ananiletea mpaka leo, alikuja na mikungu mitatu. Wa kwanza ukasoma kilo 19. Wa pili 24. Wa tatu tulikuwa tumekubaliana wote wawili kwamba ndio mdogo kuliko yote, vidole vyake vifupi, umejikunja. Mzani ukasoma 26. Alisogea karibu, akaugusa kidogo kuona kama haujakwama, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "mimi hii huwa naitoa kwa bei ya mtoto." Akanyamaza. Na mimi sikuwa na la kusema, kwa sababu mikungu ya namna hiyo nilishainunua kwake mingi.

Tangu siku hiyo tunapima kwa kilo. Serikali imepiga marufuku lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, miaka mingi, gunia lisizidi kilo 100, lakini mkungu hauna gunia na hakuna ofisa wa vipimo atakayekuja kusimama getini kwa mtu saa kumi na mbili asubuhi. Mzani lazima uuweke wewe mnunuzi, na uuweke mahali ambapo anayeuza anaona namba vizuri kuliko wewe.

Nyanya zina shida yake nyingine, na hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanaolaumu wakulima kwa madawa hawajawahi kujiuliza oda yao inafanya nini shambani.

Mwaka 2014 kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, iligundulika Ngarenanyuki, upande wa Meru, na haikuchukua muda ikasambaa nchini. Yule funza anaingia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa haimfikii kirahisi, na alishazoea nyingi kati ya zile tulizokuwa nazo. Mkulima akiona shamba linaungua anapiga dawa, baada ya siku nne anapiga tena, anachanganya mbili kwenye bomba moja. Kila chupa ya dawa ina maelekezo ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sasa wewe unampigia simu Jumatano saa mbili usiku: "Kaka, kesho asubuhi niletee kreti nne, nina kundi la wapanda mlima." Amepiga dawa Jumanne. Akikukatalia, anajua utampigia mwingine na hutarudi. Analeta.

Nilishawahi kuziosha nyanya za namna hiyo. Maji kwenye beseni yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele, na kwenye kila kikonyo palikuwa na unga uliokauka. Nilizitupa zote, nikamlaumu aliyezileta. Ilinichukua muda kukubali kwamba simu yangu ya usiku ndiyo iliyozivuna.

Leo oda ya nyanya inatoka siku kumi kabla. Kijana wa Kahe anayenilimia nyanya ana daftari: tarehe ya kupiga dawa, jina la dawa, tarehe ya kuruhusiwa kuvuna. Analeta daftari pamoja na mzigo, mpishi anasoma, anasaini. Likitokea kundi la ghafla, tunapika bila nyanya. Mchuzi wa nazi upo, maharage yapo, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na njaa.

Kuhusu bei tulikubaliana moja ya mwaka mzima kwa kreti, kwa hesabu iliyomrudishia gharama na kumwachia faida. Septemba nyanya zikafurika. Sokoni Mbuyuni zilimwagwa chini kwenye maturubai, na mpishi wangu akaja mbio: "Bosi, huko ni nusu ya bei tunayolipa sisi!" Sitaficha, nilishawishika. Nikalipa bei tuliyokubaliana, kwa sababu makubaliano yanayovunjika siku bei ikishuka ni bahati nasibu tu. Masika yakaja, nyanya zikaadimika, ukungu ukala mashamba, na yeye akaniletea kwa bei yetu wiki baada ya wiki. Mwaka wa pili ndipo alipoteleza. Dalali alifika shambani na fedha taslimu, ndugu yake alikuwa amelazwa, akauza kila kitu. Wiki mbili sikumwona.

Nilikasirika sana, halafu tukakaa. Ukweli ni kwamba bei yangu wakati ule ilikuwa chini ya nusu ya sokoni, na nilikuwa namtaka abebe peke yake uzito wa neno tulilopeana wawili. Tukaongeza kipengele: bei ya soko ikipanda zaidi ya mara moja na nusu ya bei yetu, tunagawana ile ziada. Haijawahi kutushinda tangu hapo. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ana nakala yake.

Kwenye samaki na maziwa sina mengi. Perege wa Nyumba ya Mungu nachukua wakubwa tu, na bwawa likifungwa ili samaki wazaliane samaki anatoka kwenye ubao wangu wa menyu, basi. Maziwa, nawasihi mnunue kwa vikundi. Wanawake wa Nronga kule Hai wana ushirika wao wa maziwa kwa miaka mingi, na ukinunua kwenye ushirika hela inafika kwa aliyekamua.

Mwenzangu atasema mgahawa mdogo hauna mtaji wa kulipa papo hapo. Najua, maana nilianza na meza sita. Nilichofanya ni kutenga laini ya simu ya wasambazaji peke yao. Kila jioni kabla sijagusa kitu kingine nahamishia huko fedha ya malighafi ya siku ile. Fedha hiyo si yangu. Umeme ukiisha, laini ile haiguswi. Kodi ikifika, haiguswi. Machi 2020 wageni walipopotea na mji ukawa kimya, nilikuwa na akiba ya kama wiki tatu humo. Niliwapigia wakulima wangu wanne, nikawaambia ukweli wote: sitaweza kiasi cha kawaida, lakini kila mmoja nitachukua kidogo kila wiki na nitalipa. Tukauza mtori kwenye vikopo kwa watu wa maofisini na madukani. Walibaki wote wanne.

Jana jioni yule mama wa Shimbwe amenipigia. Upepo umelaza migomba sita, na mikungu minne kati ya hiyo bado haijajaa. Mchuuzi amepita, ametaja bei ambayo hakutaka hata kuirudia kwenye simu. Nimemwambia alete yote minne Jumanne. Mshare usiojaa haufai mtori, lakini kwenye machalari, ndizi za kupikwa na nyama bila kupondwa, nyama ikiwa na mafuta kidogo, unakwenda vizuri. Hela ya bodaboda nimeshamtumia, na ubao wa Jumanne nimeshaubadilisha.