Betri za kutupa au za kuchaji? Uliza kwanza zinaenda wapi

Ubishi kuhusu betri za nyumbani huanzia kwenye bei. Mmoja atakwambia za kuchaji ni ghali, tena bado hujanunua chaja. Mwenzake atajibu kwamba betri moja huchajiwa mara mamia, basi hesabu imekwisha. Haijaisha, kwa sababu hakuna aliyeuliza betri hiyo inaenda kuwekwa kwenye kifaa gani.

Chukua saa ya ukutani. Inakula umeme kidogo mno, kiasi kwamba betri moja ya alkali, ile ya kutupa ya kawaida, huiendesha mwaka mzima au zaidi. Ukiweka ya kuchaji humo, utaichaji mara ngapi kabla haijazeeka? Betri huchakaa kwa umri hata kama haifanyi kazi kubwa, na zile mara mamia zinazosifiwa kwenye pakiti hazifikiwi kwenye saa wala kwenye rimoti. Hapa mtetezi wa betri za kutupa ana hoja, hata kwa upande wa mazingira: kutengeneza betri moja ya nikeli, yaani ya kuchaji, hutumia rasilimali nyingi kuliko kutengeneza moja ya alkali, na deni hilo hulipwa kwa kuichaji tena na tena tu.

Kwenye flashi ya kamera, tochi kali au gari la mtoto la kuchezea, mambo hugeuka. Vifaa hivi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na alkali haipendi kuharakishwa. Betri yake ya AA, saizi ya kawaida ya rimoti, inaweza kutoa karibu mAh 2,500 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri hubeba) ikitumiwa polepole, lakini ikikamuliwa kwa ampea moja huenda usipate hata nusu, kwa kuwa ukinzani wa ndani hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Ya nikeli yenye mAh 2,000 kwenye lebo hutoa sehemu kubwa ya kiasi hicho hata ikisukumwa. Kwenye nyumba yenye watoto na vitu vyao vya kuchezea, sioni sababu ya kuendelea kununua za kutupa.

Kuna pingamizi la volti, nalo limekuzwa kupita kiasi. Ni kweli alkali huanza na volti 1.5 na ya nikeli imeandikwa 1.2. Lakini alkali huanza kushuka tangu dakika ya kwanza, na ikifika katikati ya maisha yake nayo iko karibu na 1.2. Ya nikeli hubaki pale pale karibu mpaka mwisho. Kifaa kinachogoma kwa volti 1.2 kinaacha umeme mwingi ndani ya betri za alkali pia. Lawama ni ya aliyekibuni.

Sifa mbaya ya kuisha chaji zikiwa kabatini, hiyo betri za kuchaji zilistahili zamani. Betri za nikeli za kizazi cha kwanza zingeweza kupoteza kiasi cha robo ya chaji kwa mwezi. Mwaka 2005 kampuni ya Kijapani ya Sanyo ilitoa Eneloop, betri ya nikeli inayotunza chaji, na tangu hapo aina kama hiyo zimeenea. Nyingi hubakiza zaidi ya 70% baada ya mwaka.

Hata hivyo, kwa tochi ya dharura inayokaa miaka bila kuguswa, ningechagua betri za lithiamu za kutupa. Ni ghali, lakini baadhi zimetengenezwa kukaa hadi miaka 20, na si rahisi kuvuja kama alkali, ambayo ikisahaulika ndani ya kifaa humwaga maji makali ya potasi na kula vyuma vya mguso. Kengele ya moshi nayo ifuate maelekezo yake. Nyingi hazitaki betri za kuchaji, kwa kuwa volti zake hutulia kisha huporomoka ghafla, na onyo la betri kuisha huja limechelewa.

Wengi waliokata tamaa na betri za kuchaji, nadhani, waliangushwa na chaja. Chaja za bei ya chini huhesabu saa tu, au huchaji betri mbili mbili bila kujali kwamba moja imeshajaa. Inayozidishiwa hupata joto na kufa mapema. Chaja inayopima kila betri peke yake inastahili kupewa pesa kabla ya betri zenyewe. Kisha usichanganye kuukuu na mpya kwenye kifaa kimoja: iliyo dhaifu huisha kwanza, zenzake huendelea kuisukuma mpaka ncha zake zigeuke, chanya kuwa hasi, na hapo imeharibika. Andika mwezi wa ununuzi kwenye kila betri kwa kalamu ya wino usiofutika, na zile zilizonunuliwa pamoja zitumike na kuchajiwa pamoja.